Mara Tano, Kisha Pumzika

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia mkono wa kulia, kwa kuwa ndio ninaoandikia. Upande wa kushoto aliuchukua kwa muda, akanirudishia kidogo kidogo, na mpaka leo sehemu yake bado iko kwake. Sina neno. Ninaandika kwa ajili ya yule aliyetoka hospitali wiki hii, amelazwa chumbani, watoto wanazungumza kwa sauti ya chini sebuleni, naye anaitazama miguu yake mwenyewe kama miguu ya mgeni. Habari za dawa na vipimo waulize waliozisomea. Mimi nitakueleza niliyoyapitia tu, pamoja na kosa langu moja ambalo nadhani ni watu wa aina yangu hasa ndio hulifanya.

Nimefundisha madrasa Ilala kwa zaidi ya miaka arobaini. Asubuhi nilikuwa na duka dogo Kariakoo, nauza misahafu, kofia na miswala. Kiharusi kilinikuta dukani hapo, mwanzoni mwa masika. Nilikuwa nashusha mswala rafuni kumwonyesha mteja, ndala ya mguu wa kushoto ikabaki nyuma, nami nikaenda hatua tatu bila kujua. Mteja ndiye aliyeniambia, "Maalim, umeacha kiatu." Nikataka kumjibu, mdomo ukakataa.

Nililazwa siku kumi na moja. Mvua ilinyesha karibu siku zote hizo, na mke wangu alikuwa akifika wodini na khanga imelowa mpaka magotini, chupa ya uji ameikumbatia isipoe. Mate yalinitoka upande mmoja wa mdomo bila mimi kuhisi. Yeye alijifunza kukaa upande huo, na mgeni akiingia tayari ameshanifuta kwa pindo la khanga, halafu anaendelea na mazungumzo kama hakuna kilichotokea. Hayo hatukuyazungumza hata siku moja. Ukipata mtu wa kukufuta mate bila kukuangalia usoni, jua umepewa sehemu kubwa ya dawa.

Nilipotoka, kliniki ya mazoezi ikawa kila Jumatano. Unafika mapema, unaweka kadi yako juu ya kadi nyingine, unakaa kwenye benchi refu na kungoja. Humo ndimo nilimofahamiana na Mama Hansa, bibi wa Kihindi aliyekaa Kariakoo tangu kuzaliwa. Yeye kilimpiga kulia. Siku ya kwanza alinitazama kwa muda, akautazama mkono wangu uliolala pajani, kisha akasema, "Wewe kushoto, mimi kulia. Wakitushona pamoja, tunapata mtu mmoja mzima." Nikamuuliza huyo mtu atasali wapi, msikitini au hekaluni. Akasema atasali nyumbani, maana miguu yote mibovu. Binti yake alijifunika uso kwa aibu, lakini benchi zima lilicheka, na mimi nilikuwa sijacheka tangu siku ya dukani.

Mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo alikuwa Sista Getruda, mama mpole mwenye mikono yenye nguvu. Aliniambia niinuke kitini na kukaa mara tano asubuhi, mara tano jioni. "Ukichoka, acha. Tano tu, Maalim."

Sasa nikwambie lililoniuma zaidi kuliko mguu. Mguu ulilegea, paja likakonda, unyayo ukawa unavimba kila jioni; hayo niliyavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni kusali nimekaa. Kwa miaka arobaini nimewafundisha watu kwamba mgonjwa ana ruhusa: asiyeweza kusimama na akae, asiyeweza kukaa na alale ubavu, na sala yake ni kamili. Nimewaambia wazee wengi wagonjwa maneno hayo vitandani mwao, kwa sauti laini, nikiwashika mkono. Ilipofika zamu yangu, ruhusa ile niliiona kama nguo ya mtu mwingine. Nilitaka kushuka chini, nisujudu kwenye mswala, kisha nisimame.

Kushuka nilishuka. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Basi mke wangu akawa ananiinua. Hesabu ya rakaa za siku nzima ni kuinuka mara kumi na mbili ndani ya sala, na mara tano za kumaliza. Kumi na saba. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu akawa anapitisha mikono yake kwapani mwangu mara kumi na saba kwa siku, kwa muda wa mwezi na nusu. Mwanangu Hamisi alipokuja aliona, akataka kunihamishia kwake. Nilikataa. Akasema madrasa ifungwe. Nikamkasirikia kwa ulimi mzito ambao haukuweza hata kukasirika vizuri, akaondoka bila kunywa chai.

Adhuhuri moja mke wangu aliniinua nusu, akatoa sauti kama ya mtu aliyechomwa mwiba, akaniachia taratibu mpaka chini, naye akakaa sakafuni kando yangu ameshika kiuno. Tulikaa hivyo wote wawili. Hakuna aliyeweza kumwinua mwenzake.

"Baba Hamisi," akasema, "Mungu amekuruhusu ukae. Wewe umeikataa ruhusa yake, na mgongo wangu ndio unaolipa."

Tangu Alasiri ya siku ile nikasali kitini. Lakini nilisali chumbani, mlango umefungwa, na msikitini sikwenda, ili wanafunzi wangu wasinione nimekaa pembeni mwa safu. Unaona basi: nilitii kwa mwili, moyo ukabaki na kiburi chake.

Kiburi hicho ndicho kilichozaa kosa. Nilijiambia kwamba nikifanya mazoezi mengi nitapona upesi. Tano za Sista Getruda niliziona ni za watoto. Vidole vyangu, toka ujana, baada ya kila sala huhesabu dhikri thelathini na tatu, tena thelathini na tatu, tena thelathini na tatu. Hiyo ndiyo hesabu ninayoifahamu kuwa imekamilika. Basi mke wangu akitoka kwenda sokoni, mimi nachukua tasbihi, naegemea meza kwa ubavu, nainuka na kukaa, nasukuma punje. Thelathini na tatu. Mwanzo nilifurahi. Wiki ya pili mguu ukawa mzito kuliko kabla. Nikaona dawa ni kuongeza. Kipupwe kilikuwa kimeingia, upepo mzuri unapita uani, nami ndani natokwa jasho kama mbeba mizigo wa Kariakoo.

Siku niliyoanguka nilikuwa nimefika ishirini na sita. Goti lilijikunja lenyewe, nikaenda chini na kiti. Mke wangu alinikuta nimelala kando ya meza, tasbihi imekatika, punje zimetapakaa hadi mlangoni. Aliita majirani waniinue, kisha akaziokota punje moja moja, polepole kwa sababu ya ule mgongo.

Hakuna mfupa uliovunjika, alhamdulillahi. Goti lilivimba, nyonga ikawa nyeusi, na ule mwendo mdogo niliokuwa nimeupata ukapotea. Sista Getruda aliniuliza nimeangukaje. Nikasema nimeteleza. Mimi, ninayewafundisha watoto ubaya wa uongo.

Hapo ndipo mjukuu wangu Sudi anapoingia katika habari hii. Ana miaka kumi na tano, anakaa kwetu, ingawa kwa aibu sikuwahi kumruhusu aniinue, na anacheza winga ya kulia kwenye timu ya vijana ya mtaani. Mke wangu alihitaji saa mbili za kulala chali, ajipumzishe mgongo bila mimi kumwita. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi, baada ya Alasiri, Sudi alibeba kiti cha plastiki kichwani, mimi na mkongojo wangu nyuma yake, tunavuka barabara mpaka uwanja wa shule. Ananikalisha kivulini karibu na ukuta.

Kocha wao, Elibariki, nilimfahamu siku nyingi. Ni kijana wa Kilimanjaro, muumini mzuri wa kanisa lake, anauza viatu Kariakoo duka la tatu kutoka kwangu. Alikuja kunisalimia kwa mikono miwili.

"Shikamoo Maalim. Umekuja kusajiliwa?"

"Marahaba, baba. Mna namba ya mtu wa mguu mmoja?"

"Ninao kumi na wanane wa namna hiyo. Karibu."

Nilitegemea kuona vijana wakikimbizwa kuzunguka uwanja mpaka watapike, kama tulivyokimbizwa sisi. Sivyo. Ligi ilikuwa katikati, wana mechi kila Jumamosi, na Jumanne ndiyo siku ya alichokiita mazoezi ya pawa, yaani ya nguvu za ghafla. Alipanga fito juu ya matofali, viunzi vitano vifupi. Kijana anaruka vitano mfululizo, kwa nguvu zake zote, anatua kimya, halafu anarudi kwa kutembea. Anasimama. Anangoja kuliko alivyoruka. Kisha tena. Baada ya mizunguko michache kocha anakusanya fito, hata kama wao bado wana hamu. Alhamisi wanaruka pungufu ya hapo, labda mara mbili tatu, kuuamsha mwili tu. Ijumaa hakuna anayeruka kitu.

Vijana walinung'unika. Mmoja aliuliza kama kocha anaogopa fito zake zitachakaa. Yeye alikuwa anatabasamu, anafumba macho na kusikiliza. Ndiyo, anasikiliza. Alisema mguu wenye nguvu hautoi kishindo ukitua. Kishindo kikisikika, nguvu imekwisha, na zoezi limekwisha hapo hapo.

Jumanne ya tatu alifumbua macho ghafla.

"Sudi. Jana umeruka wapi?"

"Sijaruka, kocha."

"Basi umebeba viroba."

"Kocha, huyo ndiye kiroba chenyewe," mwenzake akasema, wakacheka. Kocha hakucheka.

"Nakuuliza tena, mwanangu."

Sudi alitazama chini. Akasema kwamba kila akitoka shule anapanda ngazi za ghorofa la kina rafiki yake kwa kuruka, hamsini, kila siku, tangu mechi waliyofungwa, kwa kuwa beki wa wale wenzao alimshinda mbio.

Kocha alimwekea mkono begani. "Ukiruka umechoka, unaufundisha mwili kuruka polepole. Jumamosi utauomba mbio, nao utakupa kile ulichoufundisha. Msimu ukiwa katikati hatulundiki. Tunainoa nguvu iliyopo, kidogo, halafu tunaiacha ilale. Leo ukae na babu yako."

Sudi akaja akakaa chini kando ya kiti changu, machozi yanamlenga. Nami nilikuwa nimeinamisha kichwa kama yeye. Nimesikia mawaidha mengi maishani mwangu na nimetoa mengi, lakini yale yalikuwa yangu bila mwenyewe kujua kuwa ananiwaidhi. Walipomaliza nilimwita Kocha Eli, nikamweleza yote mbele ya Sudi: zile tano, thelathini na tatu, meza, punje za tasbihi, na uongo niliomwambia Sista.

Alijitahidi asicheke, akashindwa. "Kumbe ni ugonjwa wa ukoo," akasema. Sudi naye akacheka huku anajifuta pua. Kisha kocha akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza jambo ambalo hakuna daktari aliyeniuliza. "Maalim, mechi yako ni lini?"

Nikamwambia ni Ijumaa, adhuhuri, msikitini.

"Basi Alhamisi huinuki."

Jumatano iliyofuata nilimweleza Sista Getruda ukweli. Aliandika kitu kwenye kadi yangu, kisha akasema, "Mimi nilisema tano." Nilimwomba radhi. Nilipomweleza maneno ya kocha aliyasikiliza vizuri, akayakubali kwa masharti yake: kiti kiegemee ukuta, mto mmoja au miwili juu yake ili kiwe kirefu, mtu awepo karibu, na goti likiuma niache. Ndugu msomaji, nawe usichukue ya uwanjani ukayafanya bila kumwonyesha anayekutibu. Mimi nilishaanguka kwa niaba yako.

Tukaanza upya. Jumatatu na Jumanne, mara tano. Kuinuka kwa haraka, kama mtu aliyeona mgeni mheshimiwa anaingia. Kukaa taratibu, nikihesabu hadi nne. Baada ya kila moja, kupumzika. Kupumzika ndiko kulikonipa shida, kwa kuwa sikujua kiasi chake. Mwishowe nikaamua kusoma Suratul Ikhlas mara tatu, bila haraka, na hapo ndipo nainuka tena. Sudi alikaa kando akisikiliza mguu wangu kama kocha anavyofanya. Akisema, "Babu, kishindo," tunafunga.

Mama Hansa aliposikia habari hizo kwenye benchi alitaka naye ajaribu, na Sista akamruhusu. Tukainuka wote, binti yake upande mmoja, mke wangu upande wa pili, wagonjwa wengine wanatuhesabia. Tulipofika tano yeye akataka sita. Benchi zima lilimkatalia.

Wiki zikapita. Mto wa kwanza ukaondolewa, baadaye wa pili. Mke wangu alianza kulala ubavu bila kugumia. Siku moja aliniwekea chai akaketi, akasema, "Mgongo wangu umekusamehe," nikajua na yeye ameshasamehe. Hamisi alirudi, akanikuta kitini nasali sebuleni mlango wazi, akangoja nimalize, akanywa chai vikombe viwili.

Niliilenga sala ya Ijumaa tu; kwa nyingine zote nilibaki kitini. Hili nataka ulielewe, kwa kuwa nilichelewa kulielewa mimi. Sikukaa tena kwa aibu. Nilikaa kwa sababu Mola wangu ameniruhusu, na nguvu ndogo aliyonipa si ya kutawanya kila saa. Nikarudi msikitini na kiti changu, nikakiweka mwisho wa safu. Wanafunzi walinitazama. Mdogo kuliko wote aliniuliza kama naye akija na kiti ataruhusiwa. Nilimwambia asubiri miaka sitini. Jumatatu yake nikafungua tena darasa, nusu saa tu kwa siku.

Zoezi la kitini lilipokwisha tukaenda kwenye mswala, mwanzo juu ya godoro, baadaye sakafuni. Kutoka kwenye sijida kuna hatua moja ngumu: unabana vidole vya mguu chini, unasukuma kwa mikono na mapaja kwa mara moja, bila kusitasita. Ukisukuma nusu unabaki katikati, na katikati hapakaliki. Nilibaki katikati mara nyingi. Nikishindwa mara ya pili tunafunga, tunangoja Jumatatu.

Vuli ilipoanza kunyesha, Sista Getruda aliniangalia nikiinuka toka sakafuni mara tatu, akasema naweza kujaribu. Alhamisi hiyo sikuinuka kwa zoezi. Nilikaa uani nikisikiliza mvua juu ya bati.

Ijumaa tulikwenda mapema, kiti tumekiacha nyumbani kwa mara ya kwanza. Sudi alisimama kulia kwangu. Nilikuwa nimemwambia asinishike, hata akiona nini. Kijana wa kushoto simjui, mfanyabiashara labda, alinisogezea nafasi.

Rakaa ya kwanza nilisimama, nikarukuu, nikashuka. Paji la uso lilipogusa zulia nilikaa pale na shukurani ambazo sikuwa na maneno yake. Imamu akatoa takbira, safu ikainuka kwa pamoja, na mimi nikasukuma. Nikabaki katikati. Goti la kushoto likatetemeka, nikarudi chini.

Nilimwona Sudi mkono wake ukicheza ubavuni, akaukunja ngumi, akaurudisha kifuani. Imamu alishaanza kusoma Fatiha kwa sauti. Zamani ningejitupa tena hapo hapo, na ningeanguka mbele ya watu wote. Nikabaki nimepiga magoti, viganja juu ya zulia. Nikapumua. Nikaiacha aya ya kwanza ipite, na ya pili, na ya tatu. Mguu ukatulia. Nikabana vidole chini, nikasukuma mara moja kwa kila nilichokuwa nacho.

Nilipofika juu, safu nzima ilikuwa inasema Amin, nami nikaisema pamoja nao.